Halima Alipokuja Kwenye Maharage

Usiku ule nililala na udongo kwenye kucha. Jioni tulikuwa tumemaliza kupandishia udongo mashina ya maharage nyuma ya jiko, mimi na Mama na watoto, na maji ya kunawia yalikuwa baridi kiasi kwamba nilijifutafuta tu kwenye kanga nikaona inatosha. Kwetu huku milimani Usambara, msimu wa vuli, mchana una joto zuri la kuotesha kitu chochote, lakini jua likishazama baridi inashuka na ukungu unaingia hadi mlangoni. Nikala, nikapanda kitandani kando ya mume wangu, Baba Idi, ambaye alikuwa ameshaanza kukoroma.

Maharage yetu ni yale mafupi. Hayatambai, hayataki mti wa kuegemea, yanasimama yenyewe kama vichaka vidogo, yakifika magotini ndiyo mwisho wake. Mbegu ni nyekundu zenye madoa meupe. Mama alizikuta kwa mama mkwe wake alipoolewa, na mpaka leo hajapanda nyingine. Bustani yenyewe ni ndogo, unaongea na mtu wa upande wa pili bila kupaza sauti. Hapo ndipo Mama alipotufundishia kazi, mimi na mdogo wangu Halima tulipokuwa wasichana. Sasa anawafundishia hapo Idi na Nuru, kila mmoja na mstari wake.

Watu wasiotujua hudhani watoto hao ni mapacha. Wote wanakaribia miaka saba, wote wananiita Mama. Idi nimemzaa mimi. Nuru amezaliwa na Halima, miezi michache baada ya Idi, na Halima alifariki siku ile ile aliyomzaa. Nikamnyonyesha Nuru pamoja na wangu, mmoja huku, mwingine huku. Baba yake alirudi kwao, akaoa tena, akatuachia mtoto kwa moyo mmoja.

Arobaini ilipopita Mama alitukalisha mimi na mume wangu. Alikuwa amekonda hata pete inamtoka kidoleni. Akaninyooshea kidole, akasema, "Huyu mtoto mama yake ni Zainabu. Asiambiwe kingine. Na jina la yule msilitaje humu ndani. Nikilisikia nitakufa."

Hatukulitaja. Majirani nao, kwa kumheshimu Mama, walinyamaza. Halima akawa "marehemu" kwa watu wa nje, na kwetu ndani hakuwa chochote. Lakini Januari watoto walikuwa waanze shule, na watoto wa shule hawanyamazi kwa ajili ya heshima ya mtu. Jambo hilo lilikuwa linanikaa kifuani tangu siku tuliyotia mbegu ardhini, na sikuwa nimemwambia yeyote.

Basi nikalala.

Nikasikia jembe. Halikuwa jembe la mtu anayelima kwa nguvu, ni lile la kukwangua juu juu, maana mizizi ya maharage haya iko karibu na uso wa ardhi, ukizamisha jembe unaikata. Kwaru. Kimya. Kwaru. Nikadhani ni Mama. Nikainuka, au nilijiona nimeinuka, kwa sababu Baba Idi hakugeuka na kitanda hakikulia kama kinavyolia siku zote.

Nje kulikuwa na mwanga, lakini si wa asubuhi wala wa jioni. Ukungu ulikuwa umelala juu ya bustani. Na maharage, ambayo jioni tuliyaacha yakiwa ndiyo kwanza yanatoa vitumba vya maua, yamezaa. Maganda yananing'inia chini ya majani, mabichi, mengi, marefu kama vidole vya mtu mzima. Majani yote yamelowa. Kila jani lina tone kwenye ncha, na hakuna tone linalodondoka.

Katikati ameinama mwanamke, amenipa mgongo. Amevaa gauni la maua ya buluu na juu yake sweta la kahawia lililochoka viwiko. Jembe ameliweka chini. Sasa anachuma. Anachuma kwa mikono miwili, haraka, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko.

Nikamwambia, "Wewe, hayaguswi hayo yakiwa na maji."

Ndivyo tulivyofundishwa. Maharage yakiwa na umande huyapiti kati, huyachumi, hata kuyapalilia huyapalilii, kwa sababu mtu akitoka kwenye mmea wenye ugonjwa wa kutu na nguo zilizolowa, anaipaka kutu mimea yote anayopita. Unangoja jua likaushe kwanza. Mama alikuwa anatuchapa kwa hilo.

Mwanamke yule hakugeuka. Akasema, "Mimi sina cha kumwambukiza mtu tena, Dada."

Nikaijua sauti.

Ajabu ni kwamba sikushtuka. Nilijua kwamba amekufa, nilijua kwamba nilimwosha kwa mikono yangu, na bado nilichoogopa kilikuwa kimoja tu, kwamba Mama atamsikia. Nikageuka kuangalia dirisha la Mama. Limefungwa. Nikavuta hatua nikaingia kwenye matuta, na umande ukaniingia miguuni, wa baridi kupita baridi ya maji.

Halima anakwenda na mistari. Anachuma, anaweka kwenye pindo la gauni, anachuma. Kila anapochuma, pale pale linatoka ganda jingine, kwa sababu maharage haya ndivyo yalivyo, ukiyachuma mara kwa mara yanaona hayajamaliza kazi na yanaendelea kuzaa. Lakini hayazai kwa kasi ile. Nikaona aibu kuyatazama.

Akafika kwenye mstari wa pembeni. Mistari mingine imenyooka, huo umepinda kama njia ya mbuzi, na kuna mahali mimea mitatu imesongamana tundu moja na mahali pengine pana pengo. Akapiga magoti.

"Huu kapanda nani?"

"Nuru," nikasema.

Akaugusa mmea wa kwanza kwenye shina, pale tulipopandishia udongo jioni. Akaubonyeza ule udongo kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Kisha akauliza, bado amenipa mgongo, "Ananijua?"

Nikafungua mdomo nijibu, na mdomo umejaa maharage makavu.

Nikayatema mkononi. Yakaja mengine. Nikatema, yakaja. Mekundu, yenye madoa, safi, ya mbegu, yanagongana na meno yangu na kujaa kiganja na kumwagika chini. Nataka kusema na nafasi ya kusema haipo. Halima akageuka. Uso wake ni ule ule, hakuzeeka hata siku moja, isipokuwa macho. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyekesha kwa muda mrefu sana. Hakunitazama usoni, alitazama kiganja changu. Akachagua mbegu moja isiyo na mkunjo, akatoboa udongo kwa kidole, kina cha pingili moja, akaitia, akafukia.

Alipofukia, udongo ukawa sakafu ya saruji.

Ni ukumbi wa hospitali, na mvua iko juu ya bati. Nimekaa kwenye benchi la mbao, maziwa yananiuma kwa sababu Idi nimemwacha nyumbani na hajanyonya. Ni mchana ule. Kila kitu ni kama kilivyokuwa, hata ndoo ya njano chini ya mahali panapovuja. Wanamsukuma Halima kwenye kitanda cha magurudumu, haraka, na nesi anatembea kando yake amembeba mtoto aliyefungwa kwenye kitenge chetu. Halima akajiinua kwa kiwiko. Akamchukua mtoto kwa nesi, akaninyooshea.

"Dada, nishikie kidogo."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho duniani. Si ndoto hiyo, alisema kweli. Alisema kama mtu anayekwenda dukani mara moja. Nikampokea mtoto, wakampitisha mlangoni, mlango ukafungwa, na hakutoka tena kwa miguu yake.

Lakini katika ndoto mlango haufungwi. Umebaki wazi, na Halima amelala kule ndani kwenye mwanga mkali, amegeuza shingo, ananitazama. Nesi hayupo. Daktari hayupo. Mtoto mikononi mwangu ni mzito, nikimwangalia ni Nuru wa sasa, miguu yake inafika chini.

"Nilikwambia unishikie," anasema Halima.

Mdomo wangu ulikuwa mtupu sasa. Nikasema, "Nimemshika."

"Umemshika vizuri. Nimeona. Meno yake mazuri." Akanyamaza. Mvua nayo ikanyamaza. "Lakini hana neno la kuniitia, Dada. Kila siku nasimama pale nyuma ya jiko, na hana neno la kuniitia."

Nikainuka kumfuata, nikavuka kizingiti, na huko ndani si chumba cha hospitali. Ni jiko letu la zamani, lile la udongo lililobomoka nikiwa sijaolewa. Moto unawaka. Juu, kwenye boriti, mimea ya maharage iliyong'olewa na mashina yake imefungwa mafungu mafungu, vichwa chini, inakauka kwa moshi. Mimi ni msichana. Halima ni mdogo zaidi, amekaa kwenye kibao, anapukuchua. Anabana ganda kwa kidole gumba, linapasuka, mbegu zinaangukia kwenye ungo. Mama yuko mbele yetu, kijana, meno yake yote kinywani, anachambua.

Anatufundisha. Mbegu huichukui kwenye masalia, anasema. Usichume yote ukala, halafu yaliyokukwepa ndiyo ukayafanya mbegu. Unachagua mmea ungali bustanini, ule uliosimama vizuri, usio na doa, ukazaa mapema, unaufunga uzi. Huo haumhusu mtu. Unauacha ukauke umesimama.

Sauti yake ni nzuri. Nilikuwa nimesahau kwamba Mama aliwahi kuwa na sauti ile.

Nikageuka kumcheka Halima, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anazikata zile nyuzi akichezea. Kibao kitupu.

Mama haangalii. Anaendelea kuchambua. Nikatazama ungo na ungo hauna kitu, ni maganda matupu, na mikono yake inachambua hewa, inatenga zuri na baya, zuri na baya. Moto unawaka karibu naye lakini mwanga hauufikii uso wake. Nikamwita. Nikamshika bega. Bega ni baridi kama majani yale.

Halima yuko nyuma yangu, mtu mzima, na sweta lake.

"Unamwona?" akasema kwa sauti ndogo, kama mtu asiyetaka kumwamsha mgonjwa. "Yuko huku na mimi tangu siku ile. Kule kwenu anatembea tu. Nimemwambia aondoke, hanisikii. Mwambie wewe arudi nyumbani."

Nikalia. Katika ndoto kulia kwangu hakukuwa na sauti.

Nilipoinua kichwa tulikuwa bustanini tena, na bustani haikuwa sawa. Maharage yanatambaa. Mafupi haya, ambayo toka enzi za mama mkwe wa Mama hayajawahi kupita goti, yametoa kamba nyembamba, ndefu, nyeupenyeupe kama vitu vilivyoota gizani, na kamba zinapanda ukuta wa nyumba. Zinapapasa. Zimefika kwenye dirisha la chumba cha watoto na zinaingia kwenye mwanya wa ubao moja moja. Nikakimbia nikaanza kuzikata. Nazivuta kwa nguvu zangu zote, zinakatika na kutoa maji, na nyingine zinapita kati ya vidole vyangu.

"Usizikate," akasema Halima. "Zinamtafuta tu."

"Utamtisha!"

"Mimi?" Akashangaa kweli. Nilimwona anashangaa, akatazama mikono yake iliyolowa, kama ndiyo kwanza anafikiria kwamba mtu anaweza kumwogopa. Kisha akanyoosha kidole ng'ambo ya bustani. "Tazama atakapotishwa."

Ua wa michongoma ulikuwa pale, na nyuma yake, mahali ambapo siku zote pana shamba la jirani, pana uwanja wa shule. Watoto wengi, mashati meupe, sketi na kaptula za buluu, na hakuna kelele hata kidogo. Nuru amesimama katikati, sare yake ni kubwa kwake, soksi moja imeshuka. Mtoto mmoja ambaye uso wake siuoni anamsogelea. Anainama sikioni mwake. Namwona Nuru anasikiliza. Namwona anageuka, ananitafuta kwa macho kwenye ua, na uso wake umebadilika, umekuwa uso wa mtu aliyefika nyumbani akakuta wamehama.

Nilitaka kuvuka ua. Michongoma ikanishika nguo. Halima alikuwa kando yangu na yeye hakujaribu. Nikajua kwamba ameshajaribu mara nyingi.

"Mwambie wewe, Dada," akasema. "Jambo hili asiliokote njiani."

"Mama atakufa."

"Mama nimeshakwambia alipo."

Akaanza kurudi nyuma kwenye mistari. Hakutembea, alikuwa anapungua, kama mtu anayeshuka bonde. Ukungu ukamfika magotini, ukamfika kiunoni. Pindo la gauni lilimponyoka, maganda yote aliyochuma yakamwagika, na hakuinama kuyaokota. Nikaona kwamba akizama safari hii sitamwona tena, na kwamba kuna neno moja tu linaloweza kumsimamisha, neno ambalo ulimi wangu ulikuwa haujalibeba tangu arobaini. Nikavuta pumzi. Nikalisema. Nikalisema tena kwa nguvu zangu zote.

"Mama Idi! Mama Idi, amka!"

Baba Idi alikuwa amenishika mabega. Kulishapambazuka, mwanga wa kijivu ulikuwa dirishani na jogoo wa jirani anawika. Koo lilikuwa linaniwasha.

"Unaita watu," akasema.

"Nimemwita nani?"

Alitazama ukuta, upande wa chumba cha Mama. Kule ndani kilisikika kitanda, kisha kandambili, kisha mlango wa nyuma ukafunguliwa.

Nilimkuta Mama jikoni. Alikuwa amewasha moto na kuinjika sufuria ya chai bila kutia maji. Nikaiepua kabla haijaungua, nikakaa kwenye kigoda. Alikuwa amejifunga kanga mbili, na mikono yake ilikuwa kwapani.

"Umemwita," akasema.

"Nilikuwa naota, Mama. Nisamehe."

"Umemwita mara mbili."

Nilidhani atanifokea. Nilidhani ataanguka, kama alivyoanguka siku ya msiba, nikasogea karibu ili nimdake. Badala yake akaniuliza jambo ambalo sikulitegemea.

"Alikuwa kavaa nini?"

"Gauni lake la maua ya buluu. Na sweta la kahawia."

"Alikuwa na sweta?"

"Alikuwa nalo, Mama."

"Kwa hiyo hakuwa anasikia baridi."

Nikakumbuka mikono ile iliyolowa mpaka viwiko. Nikasema, "Hakulalamika baridi." Mama akatikisa kichwa kukubali, mara nyingi, na machozi yakaanza kumtoka bila uso wake kubadilika. Miaka yote ile sikuwahi kujua kwamba ndicho kilichokuwa kinamnyima usingizi, mtoto wake kulala ardhini huku kwetu kwenye baridi hii.

Nikamsimulia yote. Sikuficha kitu, hata jiko la zamani, hata ungo mtupu. Nilipofika pale Halima aliposema mwambie arudi nyumbani, ilibidi niyaseme maneno hayo mara ya pili. Mama alisimama akatoka nje.

Nilimwacha. Niliwapa watoto uji, Baba Idi akaenda zake kwenye karakana yake ya useremala, jua likapanda juu ya mlima. Nilipotoka nilimkuta Mama amesimama pembeni ya bustani, miguu haijaingia kwenye matuta. Alikuwa anangoja majani yakauke. Maharage yalikuwa kama tulivyoyaacha, mafupi, yana vitumba vyake vyeupe vilivyoanza kufunguka, na dirisha la watoto lilikuwa safi. Nililitazama. Nilikwenda hata kupapasa ubao kwa mkono.

"Mwite mtoto," Mama akasema.

"Nimwambie?"

"Mwambie. Mimi nikishindwa kusimama nitaondoka, msinifuate."

Hakuondoka.

Kweli, Januari Nuru aliambiwa. Siku za mwanzo kabisa za shule msichana mmoja wa darasa la juu alimwendea akamwambia, yule si mama yako. Nuru akamjibu, "Najua," akaendelea kuruka kamba. Mwalimu wake ndiye aliyenisimulia, Nuru mwenyewe hakuona kama ni habari ya kuleta nyumbani. Lakini hayo yalikuja baadaye. Asubuhi ile tulikuwa hatujui litakalotokea.

Wakaja wote wawili, kwa sababu ukimwita mmoja anakuja na mwenzake. Nuru akaenda moja kwa moja kwenye mstari wake uliopinda kuangalia kama kuna ua limefunguka usiku. Nikachuchumaa karibu naye. Nikamwambia kwamba yeye ni mtoto wangu, na kwamba kuna jambo jingine tena. Kwamba alikaa tumboni mwa mdogo wangu, si mwangu. Kwamba mdogo wangu alimzaa, akamshika, akanipa mimi nimshike, halafu akafariki siku hiyo hiyo. Nilisema taratibu, nilikuwa namwangalia usoni, nikingoja ule uso nilioona uwanjani.

Alikunja paji la uso. Akamtazama Idi.

"Na Idi?"

"Idi alikaa tumboni mwangu."

"Kwa hiyo sisi si mapacha?"

Aliyelia alikuwa Idi. Alilia kwa uchungu, mdomo wazi, kama aliyenyang'anywa kitu, akasema kwamba ni mapacha, akasema kwamba Bibi amwambie Mama kuwa ni mapacha. Nuru akamtazama alivyolia, akamsogelea akamfuta pua kwa kiganja, akapaka kwenye sketi yake. "Tumenyonya pamoja," akamwambia, ingawa hakuna aliyemweleza hilo asubuhi ile. Labda nilishawahi kulisema siku nyingine, mbele yao, bila kujua. Labda.

Kisha akanigeukia. "Anaitwa nani?"

Nilifungua mdomo. Lakini Mama alikuwa ameshavua kandambili. Jua lilikuwa limekausha majani. Akaingia kwenye bustani, akapita kati ya mistari kwa uangalifu asikanyage mizizi, akaja akasimama juu yetu, kivuli chake kikamfunika mtoto.

"Halima," akasema.

Sauti ilitoka imekwaruza. Akajaribu tena, na safari hii ilitoka nzima. "Anaitwa Halima. Ni mwanangu."

"Yuko wapi?"

Mama akaonyesha kwa kidevu, juu ya nyumba, kwenye mteremko wa makaburi yetu ambako ukungu ulikuwa bado haujaondoka.

Nuru akatazama kule. Akasimama wima, akazungusha viganja kandokando ya mdomo, kama wafanyavyo watoto wa huku wakiitana kutoka kilima hadi kilima, akaita, "Mama Halimaaa!"

Sauti ikaenda. Ikagonga ng'ambo, ikarudi imepungua. Sote wanne tukanyamaza, hata Idi, kwa sababu tulikuwa tunasikiliza kweli. Majani ya maharage yalitikisika kidogo upande mmoja, kisha yakatulia.

"Haitiki," akasema Nuru.

Mama akamwekea mkono kichwani.

"Huyo tangu mdogo akiitwa mara moja haitiki," akasema. "Mwite tena."